Mwanga Kwanza, Kisha Kikohozi

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mikorosho wakati Rozalia alipotoka mashineni. Kichwani alikuwa na ndoo ya unga wa mtama. Kiunoni, kwenye pindo la kanga, alikuwa amefunga saa ya marehemu baba yake, nayo ilimgonga tumboni kila alipopiga hatua.

Unga ulikuwa wa kesho. Kesho ilikuwa arobaini ya baba yake, Mzee Kornel, na ukoo mzima ungekaa uani kumaliza matanga.

Saa ilikuwa ya siri. Watu wote wa kijiji cha Mnero walijua kwamba mzee alizikwa na ile saa mkononi. Walijua hivyo kwa sababu Rozalia ndiye aliyewaambia.

Haikuwa saa ya betri. Ilikuwa ya kutia ufunguo, na usipoizungusha jioni, kesho yake inakuwa imekufa. Rozalia alikuwa ameacha kuizungusha tangu Jumapili iliyopita, kwa makusudi, ili inyamaze.

Haikunyamaza.

Aliisikia ndani ya kanga... tik, tik, tik... kama mdudu aliyemo ndani ya gunia la mahindi.

Hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya mabibo yaliyooza chini ya miti, kwa maana ulikuwa msimu wa kuokota korosho. Njiani, kwenye kibanda chake cha makuti, Bi Mwamina alikuwa bado anachambua korosho, zilizojaa upande huu, mbovu upande ule. Alikuwa jirani yao wa miaka yote, mwanamke wa maneno mengi na moyo mzuri.

"Shikamoo, Bi Mwamina."

"Marahaba. Roza, mtoto wewe, mbona unatembea kama umeiba kuku?"

Rozalia aliikaza kanga yake. "Nimechoka tu. Mashineni kulikuwa na foleni."

"Pole. Kesho mkimaliza mtapumzika." Bi Mwamina alitupa korosho mbovu pembeni. "Umepita kwa Mikidadi?"

"Sijapita."

"Ah, Mikidadi. Kijiji kizima tumekosa redio. Zamani nikisikia ule mluzi wake asubuhi, najua kuna kaburi linachimbwa, najua na mimi mchana nitakula ubwabwa." Alicheka peke yake, kisha akaacha. "Sasa kalala. Mkono wa kulia umekuwa wa baridi kama samaki. Wamempeleka hospitali, kapimwa kila kitu, hakuna kilichoonekana. Mkewe Magreti anamchemshia majani mpaka mti umebaki uchi."

Mikidadi ndiye aliyekuwa akichimba makaburi ya watu wote pale, Wakristo na Waislamu. Alikuwa kijana mwenye miraba minne, hana kisa na mtu. Siku ya kumzika Mzee Kornel, watu walipotawanyika, yeye alibaki nyuma na sepetu akisawazisha udongo.

Kubaki kwake nyuma ndiko kulikomponza.

"Kesho watamuuliza mbele ya ukoo," Bi Mwamina akasema. "Shangazi yako Aurelia kasema hivyo. Wanasema mzee hatulii kwa sababu amevuliwa saa yake. Na nani angeweza kumvua kama si yule aliyebaki na sepetu? Akikataa, watamfukuza kama mwongo. Akikubali, watamfukuza kama mwizi. Na mkewe amekaribia kujifungua."

Rozalia alilishika pindo la kanga.

Akaliachia.

"Kwani... nani kamwona mzee?" akauliza.

Bi Mwamina alitazama njia, huku na huku, akashusha sauti.

"Mimi. Jana, wakati kama huu. Alisimama hapo uliposimama. Usoni sikumwangalia, mimi mtu mzima, najua pa kuangalia na pa kutoangalia. Akasema: mama, saa ngapi? Nikamwambia, baba, simu yangu imezima. Akanionyesha mkono wake." Bi Mwamina alijishika kifundo cha mkono. "Hapa. Ngozi imepauka, duara, kama mahali palipobanduliwa plasta. Halafu akakohoa, akaenda zake."

"Akaenda wapi?"

"Nimekwambia sikuangalia. Nenda nyumbani, mwanangu. Giza hilo."

Rozalia akaenda. Ndoo ilikuwa nyepesi kuliko alichokuwa amekibeba moyoni.

Ile saa haikuwa ya thamani, mtu asije akadhani ilikuwa dhahabu. Mzee Kornel alikuwa askari wa mizinga, na miaka yake ya mwisho ya kazi aliimalizia Nachingwea. Jeshini alipewa saa ya kupimia umbali wa mizinga, na alipostaafu akairudisha stoo kama inavyotakiwa. Akakaa mwaka mzima mkono mtupu, anajikuna. Ndipo siku moja sokoni Ruangwa akaona saa ya namna ileile kwa mchuuzi, imetoka kiwanda cha nje kilichokuwa kinatengenezea wanajeshi na sasa kinauzia mtu yeyote. Ilikuwa ya bei ya mkulima. Aliivaa siku hiyohiyo, na tangu hapo aliivua wakati wa kuoga tu.

Uso wake ulikuwa mweusi, na namba zake zilitoa mwanga wa kijani gizani. Pembeni ilikuwa na vitufe viwili. Ukibonyeza cha juu, mshale mwembamba mwekundu unaanza kukimbia peke yake. Ukibonyeza tena, unasimama. Ukibonyeza cha chini, unarudi juu kama vile hakuna kilichotokea. Na kwenye ukingo kabisa kulikuwa na namba ndogo nyekundu. Hizo hazikuwa za muda. Zilikuwa za kilomita.

"Mzinga ukipigwa," Mzee Kornel alimweleza mwanawe, "unaona mwanga kwanza. Sauti inachelewa njiani. Ukiona mwanga, bonyeza. Ukisikia sauti, bonyeza. Mshale utakwambia adui yuko umbali gani."

Hapakuwa na adui Mnero. Kwa hiyo walipima radi. Masika yalipokuja walikaa barazani, baba na binti. Umeme ukimulika, Rozalia anabonyeza. Ngurumo ikifika, anabonyeza tena. "Ngapi?" baba anauliza. "Nne na nusu." "Bado iko mbali, mwanangu. Tukae."

Mama yake alikuwa amekufa zamani. Baba alipoanza kuugua kifua, Rozalia alikuwa kidato cha pili. Aliacha shule ili amuuguze. Alimwosha, akamlisha, akamkanda mgongo. Vidole vya mzee vilipokosa nguvu, yeye ndiye aliyeitia saa ufunguo kila jioni, huku mzee akikohoa kikohozi chake kikavu, mara mbili, na mguno mwishoni. Chumba kilinuka ugoro na dawa ya kuchua.

Lakini kwao mtoto harithi kwa baba. Vitu vya mtu vinakwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Siku ya kumaliza matanga, dada wa marehemu hupaka mikono yake unga wa mtama, huchukua kitu alichokuwa akikivaa ndugu yake, na humvalisha mrithi. Basi, imekwisha. Kuanzia hapo mrithi anaitwa kwa jina la marehemu. Rozalia alipokuwa mdogo aliwahi kuona kijana asiye na ndevu akiamkiwa shikamoo na vikongwe kwa sababu ya kofia aliyovalishwa kwa mikono yenye unga. Watoto walicheka. Wakubwa hawakucheka hata mmoja.

Mrithi wa Mzee Kornel alikuwa Jastin, mtoto wa Shangazi Aurelia, wa kule Malolo. Kijana mzuri tu. Lakini katika ugonjwa wote ule hakuwahi kumnywesha mjomba wake hata kikombe kimoja cha uji.

Hilo ndilo lililomkaa Rozalia rohoni. Kwa hiyo mzee alipokata roho, yeye aliivua saa kabla mkono haujakakamaa. Na jeneza lilipokuwa limeshagongwa misumari, Shangazi Aurelia akauliza mbele za watu, "Saa ya kaka yangu iko wapi?"

"Nimemvalisha," Rozalia akajibu. "Ndivyo alivyoagiza."

Neno dogo. Aliliona dogo siku ile.

Jioni hii alikuwa katikati ya shamba la mikorosho, njia nzima mtu hayupo, wakati mwanga ulipotokea.

Ulitokea nyuma yake, kule kwenye mwinuko wa makaburi. Ulikuwa mweupe, mara moja tu, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chenye taa na kuufunga.

Mbingu ilikuwa safi. Nyota zilikuwa zimeanza kutoka. Mawingu hayakuwapo.

Vidole vyake vilifanya vilivyozoea. Kabla hajafikiri, mkono ulikuwa umeshaingia kwenye pindo la kanga na kubonyeza kitufe cha juu.

Mshale mwekundu ukaanza kukimbia.

Kimya... Hata wadudu walikuwa wamenyamaza.

Kisha akasikia kikohozi.

Kikavu. Mara mbili. Na mguno mwishoni.

Akabonyeza. Mshale ulisimama karibu na namba mbili.

Kikohozi cha mtu hakisikiki umbali wa kilomita mbili. Rozalia alilijua hilo. Alijua pia kwamba amekisikia vizuri kabisa, kama vile mkohoaji ameweka mdomo ukutani.

Aliurudisha mshale juu, akaanza kutembea haraka. Hakukimbia. Alikuwa amesikia kwamba ukikimbia unafuatwa.

Mwanga ukapiga tena. Safari hii haukuwa makaburini, ulikuwa chini ya mwinuko, kwenye njia. Akabonyeza. Akangoja.

Kho. Kho. Mmh.

Mshale ulisimama kabla ya moja na nusu.

"Baba," akanong'ona. "Baba, nisamehe. Nitasema. Kesho nitasema."

Mwanga wa tatu ulimulika vigogo vya mikorosho pande zake zote, ukamwonyesha kivuli chake mwenyewe kimelala mbele yake, kirefu, na ndoo kichwani.

Mshale haukufika hata moja.

Ndipo alipokimbia. Unga ulimmwagikia mabegani, ukamwingia machoni, lakini ndoo hakuitupa. Alifika kwenye njia panda. Kushoto kulikuwa kwao, na taa zilionekana uani, wanawake wa matanga wakicheka na kugonganisha masufuria. Kulia njia ilishuka bondeni. Akashika kushoto bila kufikiri.

Alipofika kwenye ua wa miti alisimama. Mwanga ukapiga. Akabonyeza.

Alingoja... akangoja...

Mshale ulipita moja, ukaipita na nusu yake, ndipo kikohozi kikafika, chembamba, cha mbali.

Rozalia akashusha pumzi. Alikuwa anakwenda. Baba yake alikuwa anakwenda zake, anamwacha. Aliirudisha saa kwenye pindo, akaweka ndoo sawa, akashika mlango wa ua.

Mkono ukabaki pale.

Mwanga ule haukuwa umetoka makaburini. Ulikuwa umetoka bondeni. Na bondeni kule nyumba ilikuwa moja tu.

Ilikuwa ya Mikidadi.

Mzee alikuwa hamtafuti yeye. Kwa nini amtafute? Yeye si ndiye binti mwema aliyemvalisha saa yake? Rozalia alikuwa ameuambia ulimwengu mzima hivyo, na waliokufa wanasikia yale yanayosemwa juu ya majeneza yao. Anayo, walisema wazima. Sina, alisema mzee. Basi aliyemwibia ni yule aliyebaki na sepetu. Kijiji kilikuwa kimeshamwonyesha kidole, na mzee alikuwa anakifuata kile kidole.

Ndani ya ua Shangazi Aurelia aliita, "Roza? Ni wewe? Leta unga, mwanangu, tunakungoja."

Angeweza kuingia. Kungekuwa na taa, chai na wanawake wa kulala nao sakafuni ubavu kwa ubavu. Asubuhi wangesikia kwamba Mikidadi amefariki, na hapo hata maswali yasingekuwapo.

Alikaa pale muda mrefu kuliko mtu mwema anavyopaswa kukaa. Hilo alilijua mwenyewe, na hakuwahi kulisahau.

Kisha akatua ndoo mlangoni. Alichota unga kwa mikono yote miwili, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa: huongei na marehemu mkono mtupu. Akageuka, akashuka bondeni.

Magreti alikuwa nje jikoni, amekaa kwenye kigoda, tumbo limemjaa mapajani, anachochea moto chini ya sufuria ya majani. Alipomwona Rozalia hakushangaa.

"Karibu. Umemfuata mzee wako?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mzee gani?"

"Si huyo aliyeingia sasa hivi. Wa ukoo wenu, nimemjua kwa sura ingawa jina limenitoka. Amesema amekuja kumpa mgonjwa pole." Magreti alipuliza moto. "Kaniuliza saa."

Kutoka ndani, kupitia mlango uliorudishwa nusu, ilikuja harufu.

Ugoro. Na dawa ya kuchua.

Aliusukuma mlango kwa bega. Kibatari kilikuwa kinawaka kwenye dirisha dogo, na kwa mwanga wake aliona kitanda cha kamba, na Mikidadi amelala chali, macho wazi. Pembeni, kwenye kiti, alikaa mtu amempa mgongo. Alivaa shati jeupe la kuzikiwa. Alikuwa ameushika mkono wa kulia wa mgonjwa kwa mikono yake miwili, anaupapasa kwenye kifundo, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha gizani.

"Saa ngapi?" mtu yule alikuwa anamwuliza Mikidadi. Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa upole, kama alivyokuwa akimwuliza Rozalia alfajiri za ugonjwa. "Saa ngapi, mwanangu? Mbona huniambii?"

Midomo ya Mikidadi ilitikisika. Haikutoa sauti.

"Ninayo mimi, baba," Rozalia akasema.

Kibatari kikazimika.

Giza lilikuwa zito kama blanketi lililoloa. Alisikia kiti kikilia. Alisikia pumzi yenye kukwaruza ikimgeukia. Kwa mikono yenye unga alifungua pindo la kanga, saa ikamkimbia, akaidaka. Namba za kijani zilikuwa zinawaka kuliko alivyowahi kuziona. Kitufe hakukigusa, lakini mshale mwekundu ulikuwa unakimbia wenyewe.

"Sikukuvalisha. Nilisema uongo. Chukua. Chukua saa yako, mwache huyu."

Mkono ukanyooshwa gizani, ukamgusa kifuani. Ulikuwa wa baridi, kama samaki. Aliushika. Alitafuta kifundo kwa vidole, akauzungusha mkanda, akapachika ulimi wa kifungo kwenye tundu lilelile lililokuwa limepanuka kwa matumizi ya miaka. Ulikaa sawasawa.

Akasikia kikohozi. Mara mbili. Na mguno mwishoni.

Mshale ukasimama.

"Umechelewa, Roza," sauti ikasema. "Lakini asante."

Magreti aliingia na kijinga cha moto kutoka jikoni. Mwanga mwekundu ukajaa chumbani.

Kiti kilikuwa kitupu.

Mkono aliokuwa ameushika Rozalia, wenye saa, wenye alama za vidole vyake vya unga mpaka kwenye kiwiko... ulikuwa mkono wa Mikidadi.

Asubuhi Jastin alishuka kwenye basi la kutoka Ruangwa, amevaa shati jipya la kurithia. Ukoo ukakaa uani. Mikidadi aliletwa kuulizwa, lakini hakuna aliyemshika. Alikuja kwa miguu yake, amepona, mkono wa kulia una joto, na saa inang'aa hadharani.

Vijana walinyanyuka. "Si huyo. Mwizi kaileta mwenyewe."

"Hakuiba," Rozalia akasema.

Akasema yote. Hakujificha nyuma ya neno lolote. Alisema kuhusu jeneza, kuhusu kanga, kuhusu siku zote alizosikia jina la Mikidadi likichafuliwa akanyamaza. Alipofika kwenye kitanda cha kamba, Shangazi Aurelia aliinua kiganja kumzuia.

"Mikono yako ilikuwa na nini?"

Rozalia alitazama viganja vyake.

"Nimekuuliza, mwanangu. Mikono yako, ulipomvalisha."

"Unga," akasema. "Wa mtama."

Hapo ndipo Rozalia alipoelewa alichokifanya, yeye aliyeuona unga ule tangu utoto. Shangazi Aurelia akamgeukia Mikidadi, akamtazama kwa muda mrefu. Mikidadi akakohoa kikohozi kikavu, akajifuta mdomo, akamwita yule mama mtu mzima kwa jina lake la utotoni, jina ambalo alikuwa amebaki mtu mmoja tu wa kulijua, na mtu huyo walimzika wao wenyewe.

Mama yule akajifunika uso kwa kanga.

Jastin alikuwa kijana mwenye adabu. Alisimama, akakung'uta shati lake jipya, akainama mbele ya mchimba makaburi aliyemzidi umri kidogo tu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akajibu Mikidadi.

Hakufukuzwa. Watu sasa wanampisha njia. Jioni huja barazani kwa Rozalia, hukaa kwenye kiti cha Mzee Kornel bila kukaribishwa, huitia saa ufunguo, humwita mwanangu. Kwa upande mmoja Rozalia amerudishiwa baba. Kuna usiku hujikuta anafurahi, na furaha hiyo humchoma kuliko kilio.

Magreti alimjia mara moja tu, mtoto mchanga mgongoni.

"Nimemwomba anipigie mluzi," akasema. "Kidogo tu, kama zamani, ili mtoto alale. Aliniangalia kama ninamwomba kitu cha mtu mwingine." Hakulia. "Umeniletea mwili, Roza, nakushukuru. Mwenyewe umempeleka wapi?"

Jibu lilikuja pamoja na mvua za kwanza.

Walikuwa barazani, yeye na yule aliyekaa kwenye kiti. Umeme ukamulika upande wa Ruangwa, kitufe kikabonyezwa, ngurumo ikafika. "Bado iko mbali, mwanangu. Tukae." Wakakaa. Mvua ikapita, mawingu yakafunguka, nyota zikatoka.

Kisha kule kwenye mwinuko wa makaburi mwanga mweupe ukawaka, mara moja, ukazimika.

Kitufe hakikubonyezwa. Yule mtu kwenye kiti aliifunika saa kwa kiganja, haraka, kama mtoto anayeficha alichokichukua.

Kimya...

Na baada ya kitambo, kutoka mbali, ukaja mluzi. Ulikuwa wa furaha furaha, wa mtu anayechimba asubuhi kabla jua halijawa kali.

Tangu hapo unakuja kila jioni. Rozalia hana saa tena, kwa hiyo hupima kwa kukunja vidole, kutoka mwanga mpaka mluzi. Jioni ile ya kwanza vidole vya mikono miwili vilimwishia kabla mluzi haujafika.

Jana mkono mmoja ulimtosha.